Mti wa Dundu wa Zambarau

Mimi wadudu siwapendi, na nilishalisema hilo mbele ya mashahidi siku ile mdogo wangu alipoingia ndani na dundu amemkaa kwenye kola ya shati. Nilikuwa nimemlea mwenyewe baada ya wazazi wetu kuondoka. Nilimwogesha, nikamsomesha, nikamshonea sare kwa cherehani hii hii ninayokula nayo hadi leo. Nilitegemea atakuja kuwa fundi wa kitu fulani, hata cha kuokoteza. Akawa fundi wa dundu. Watoto wa mtaani walimwita hivyo hivyo, Dundu, na jina likamganda hata alipoota ndevu.

Si dundu hawa weusi wanaogonga taa. Wake walikuwa wale wenye mataya marefu mbele kama koleo, madume wanaopigana na kubebana juu juu mpaka mmoja aangushwe, na rangi zao zilikuwa za kukutoa macho: kijani cha shaba, bluu, dhahabu iliyochujuka, ile rangi ya mafuta ya taa yakimwagika juu ya maji. Wengine aliwaokota kwenye magogo yaliyooza, wengine aliwazalisha mwenyewe chumbani kwake. Walikuwapo watu wa mbali waliompigia simu kuwaulizia, na yeye ambaye kwangu alikuwa akijibu kwa kichwa tu, kwa watu hao aliongea kama redio.

Chumba chake kilikuwa makopo matupu. Kuta tatu rafu, rafu zote makopo ya plastiki yaliyotobolewa vifuniko, na kitanda kimesukumwa pembeni kama kimekuja kuomba hifadhi. Ndani ya kila kopo kulikuwa na unga wa mbao ulioiva, yaani uliochanganywa na maji na pumba, ukageuzwa kila mara mpaka ukapoa na kuwa mweusi. Ndani ya unga kulikuwa na buu mmoja, mweupe, mnene, kichwa cha rangi ya chungwa. Mmoja tu. Nilipokuwa nimechoka kushona nilimsaidia kujaza makopo, nikiwa nimekunja uso ili asije akadhani nimeokoka. Unashindilia unga tabaka kwa tabaka, unatoboa shimo kwa kidole, unamteremsha buu taratibu kichwa chini, unamfunika. Ukimbana ngozi hupasuka. Ukiwaweka wawili pamoja, mmoja atamla mwenzake. Kazi yenyewe haitaki haraka, na mdogo wangu hakuwahi kuifanya kwa haraka hata siku moja.

Unga aliupata kwa mume wangu. Mume wangu alikuwa seremala, na kila mtu alimwita Randa, kwa sababu hata akizungumza na wewe mkono wake ulikuwa ukilainisha kitu hewani. Alikuwa mtu wa mzaha. Siku aliyokuja kunichumbia alikaa kwenye kiti chetu kibovu, kikavunjika, naye akabaki pale pale sakafuni akaendelea kutoa posa kama hakuna kilichotokea. Nilimkubali kwa sababu hiyo, na kama mtu ananicheka na anicheke.

Mwanzoni Randa aliwaona dundu kama upuuzi. Alimkabidhi shemeji yake magunia ya unga na kumuuliza kama wajomba zake wadogo wameamkaje. Kisha siku moja akaenda chumbani kumsaidia kurekebisha rafu, akakuta dume limetoka kwenye kijumba chake cha unga ulioganda wakati ule ule, mabawa bado laini. Lilikuwa zambarau. Zambarau iliyokolea, na ukilisogeza kwenye mwanga inageuka rangi ya damu. Randa alirudi nyumbani, akakaa mezani, chakula kikapoa.

“Mke wangu,” aliniambia, “nimepaka vanishi maisha yangu yote na sijawahi kupata rangi ile.”

Hapo ndipo nilipompoteza, ingawa nilikuja kujua baadaye. Akaanza naye kufuga, karakanani, kwenye makopo ya rangi. Alipata wa kijani, alipata wa shaba, kwa sababu hao wanapatikana kwenye magogo ya kila mahali. Wa zambarau hakupata. Dundu alikuwa akiwatoa kwenye mti mmoja tu, mti mkavu uliosimama wima, na mti huo ulipo hakumwambia mtu. Si mimi, si Randa, si wale wa simu.

“Shemeji, mimi nimeoa kwenu,” Randa alimwambia siku moja kibarazani, nusu anacheka nusu hacheki. “Nimeaminiwa na dada, nishindwe kuaminiwa na mti?”

“Si suala la kukuamini,” mdogo wangu akajibu. “Mti ule ni mmoja. Nikichukua, nachukua kiganja kimoja upande wa kivulini, halafu narudisha gome. Ukipasuliwa, basi. Hakuna tena.”

“Kwani mimi nimesema nitaupasua?”

“Hujasema.”

Neno hilo “hujasema” Randa alilala nalo na kuamka nalo. Alikuwa mtu mzima, fundi anayeheshimika, na shemeji yake aliyelelewa na mkewe anamwona mwizi. Nilimwambia aachane naye. Nilimwambia na mdogo wangu, “Mpe basi hata mmoja, nipate kulala.” Akampa.

Akampa dume. Lilikuwa limetoka siku hizo hizo, bado legelege, na kwa kawaida Dundu akimpa mtu mdudu humhamishia kwenye unga mwingine, ule wa karakana. Lakini dundu mchanga akibadilishiwa makao anaweza kufa, kwa hiyo alimwonea huruma, akamwacha kwenye unga wa mti wake mwenyewe. Alimleta kwenye kopo dogo amelishika kwa mikono miwili, na mimi nikamsifu kwa roho nzuri.

Randa alifungua, akatazama, akafunga.

“Dume tupu,” Randa alisema, mdogo wangu alipokwisha kuondoka. “Kanipa dume tupu, bila jike. Nifanye naye nini, nimsomeshe?” Akacheka peke yake. Kisha akafungua tena, na safari hii hakumtazama mdudu. Alichota unga kidogo kwa kidole, akausugua, akaunusa, akautia kwenye ulimi. Ulikuwa mwekundu mwekundu na una ukali wa pilipili. Nilimwona uso wake ukibadilika.

“Mbao hii naijua,” alisema. “Iko bondeni tu, nyuma ya machimbo ya mawe.”

Nilimwambia asiende. Nataka lieleweke, nilimwambia. Akanijibu kwamba anakwenda kuangalia tu, kwa macho tu, kwani macho yanakula? Asubuhi yake aliondoka na shoka, tindo na mfuko wa makopo madogo. Mtu anayekwenda kuangalia kwa macho habebi shoka, na mimi nilimwona akilibeba, na nikaendelea kupiga pasi suruali ya mteja.

Mchana umekwisha kukolea ndipo Dundu alipotokea mlangoni kwangu. Alisimama pale pa kusimama wateja.

“Dada,” alisema, “shemeji ameumia. Mti umemwangukia.”

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilikusanya wanaume wa mtaani, na vijana wa machimbo wakatuona tukikimbia wakatupa nyundo wakatufuata na mitarimbo. Bondeni kule simu hazikamati. Mti ulikuwa umelala, na Randa alikuwa chini yake kuanzia kiunoni. Mbao Randa aliijua ikiwa mbichi na aliijua ikiwa imekauka, lakini mti uliooza ukiwa umesimama hakuwahi kufanya nao kazi. Ulikuwa umeshikiliwa na mizizi ya upande wa jua peke yake, na huko ndiko alikokuwa amepiga shoka. Dundu alikuwa anachukua upande wa kivulini kwa sababu hiyo. Hakuwahi kutuambia sababu, kwa kuwa kuitaja sababu kungekuwa kuutaja mti.

Tuliuinua. Randa alikuwa amekwisha kufa. Mzee mmoja wa machimbo alimshika shingoni, akamshika kwapani, akasema kwa sauti ya chini ambayo hakutaka niisikie, “Huyu hajakaa. Amekata roho sasa hivi tu.”

Niliisikia. Nikajiambia, basi, Mungu alitaka, tumekimbia tukachelewa kidogo. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni, kichwa katikati ya magoti. Nilimfuata nikamkumbatia. Nilimfuta machozi kwa kanga yangu, mimi niliyefiwa.

Msiba ulikuwa kwetu. Mama mkwe wangu alikuja kutoka kwao, mwanamke mkavu, mfupi, aliyezaa mtoto mmoja tu na ndiye huyo. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka, hakutoa sauti. Watu walikuja wakaenda. Siku ya kuondoka wale wa mwisho, kijana mmoja wa machimbo alikuja kunipa mkono, na kwa kukosa la kusema akasema hili:

“Pole sana, dada. Na sisi tulishangaa. Shemeji yake tulimwona asubuhi akipanda kutoka bondeni na mfuko begani, akatusalimia vizuri tu. Kumbe muda si mrefu angemkuta mwenzake vile.”

“Asubuhi?” niliuliza.

“Asubuhi, jua halijafika utosini. Mfuko ameukumbatia kama kabeba mayai.”

Nikamwambia ahsante. Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi jikoni nikasimama. Mimi ni mshonaji, nguo naziona kabla sijaona mtu. Asubuhi ya siku ile Dundu alipita dukani kwangu na lile shati la kaki la porini, lenye kiraka cha kwapa nilichokitia mwenyewe. Mchana aliposimama mlangoni kuniambia shemeji ameumia, alikuwa amevaa la bluu. Limepigwa pasi. Kwa siku zote zile jambo hilo lilikuwa limekaa mbele yangu na mimi nalikwepa.

Nilifunika chakula kwenye sahani nikampelekea. Hakuwa ametoka chumbani tangu mazishi, na watu walimhurumia, wakasema kijana ana moyo laini. Nilipiga hodi, nikaingia kabla hajaitika.

Makopo mapya yalijaa rafu nzima ya chini, mengine sakafuni, mengine juu ya kitanda na mengine dirishani nyuma ya pazia. Unga wake haukuwa mweusi kama ule wa karakana. Ulikuwa mwekundu mwekundu, na chumba kizima kilinuka pilipili. Nilinyanyua kopo moja nikalisogeza kwenye mwanga. Unga umeshindiliwa tabaka kwa tabaka, buu ameteremshwa, amejikunja, mzima. Nikanyanyua jingine. Mzima. Nikanyanyua jingine. Kila mmoja na kopo lake, kila mmoja amepewa nafasi yake, hakuna aliyebanwa, hakuna aliyepasuka.

Niliweka sahani chini.

“Ulimkuta hai,” nilisema.

Alikuwa amekaa kitandani kati ya makopo. Hakukana. Ningempenda zaidi kama angekana.

“Alikuwa hai, dada.”

“Anaongea?”

“Anaongea vizuri. Hakuwa anasikia maumivu. Alisema miguu haisikii kabisa, kama ya mtu mwingine.”

“Ukafanya nini?”

Alitazama makopo, si mimi. “Mti ulikuwa umepasuka wote. Walikuwa nje, dada, wametapakaa, jua linawapiga. Sisimizi wameshaanza kuja. Hakukuwa na mti mwingine. Wangekufa.”

“Randa je?”

“Nilijaribu kuunyanyua ule mti, haukutikisika. Nikasema nakimbilia machimbo. Nikasema ngoja kwanza niwaokoe hawa walio juani. Nikatumia makopo yake na yangu. Nikaona wengine ndani, nikachimba. Sikujua itachukua muda ule.”

“Ulijua,” nikasema. “Mimi nimejaza makopo na wewe. Unajua inachukua muda gani, na mimi najua.”

Akakizungusha kifuniko cha kopo moja kikakaa sawa.

“Na ukapita machimboni. Ukawasalimia watu.”

“Ningewaambia wangenirudisha bondeni. Mfuko ulikuwa unapata joto. Nikasema nifike nyumbani niwaweke kivulini, halafu nije kwako.”

“Ukabadilisha na shati.”

“Lilikuwa na damu. Niliogopa utashtuka.”

Nilimpiga. Sijawahi kumpiga utotoni, hata alipostahili, kwa sababu hakuwa na mama. Nilimpiga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, begani, kichwani, popote mkono ulipofika, na yeye alichofanya ni kunyoosha mkono mmoja kuzuia kopo lililokuwa kando yake lisianguke. Nilipouona mkono ule niliacha. Nikakaa sakafuni.

“Dada,” alisema, “hakunikataza.”

“Usimsingizie maiti.”

“Simsingizii. Alikuwa ananionyesha. Kulikuwa na sehemu sikuweza kuona, upande wake. Akasema, ‘Kuna mwingine hapa, shemeji, karibu na kiwiko changu, usimkanyage.’ Nikamchukua. Nilipomaliza nikamwambia sasa nakimbia kuita watu. Akasema, ‘Wafikishe hao kwanza, wasipate jua. Mimi nipo tu, siendi popote.’ Akacheka.”

Nilitaka kumwita mwongo. Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni. Lakini mdogo wangu hajui mzaha, hajawahi kutunga hata mmoja tangu azaliwe, na ule ulikuwa wa Randa, niliutambua kama ninavyotambua mshono wangu kwenye nguo ya mtu barabarani. Kiunoni amelaliwa na mti, anafanya mzaha. Anamuonyesha mwingine karibu na kiwiko. Kuna mke nyumbani anampigia pasi mteja, kuna mama aliyezaa mmoja tu, na yeye anawahofia mabuu jua.

Nilimchukia mdogo wangu pale, na nilimchukia na marehemu, na chuki hizo mbili sikujua niziweke wapi.

“Wewe ukamjibu nini?” niliuliza.

“Nilimwambia ahsante,” alisema Dundu.

Nilitoka nikamwacha na chakula chake. Sikumwambia mtu yeyote habari ile. Ningeipeleka polisi ningesema nini? Kwamba mti ulianguka kwa shoka la aliyekufa, na aliyebaki alichelewa? Wangeniuliza amechelewa akifanya nini, na mimi ningelazimika kusema mbele ya watu na sare zao. Na aliyechelewa nimemlea mimi.

Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa amekunja mkeka na kufunga mzigo wake, anasubiri kesho aondoke. Alinitazama uso, akaona nimelia, akadhani anajua kwa nini. Akanivuta nikae karibu naye. Mkono wake ulikuwa mkavu na una joto.

“Mwanangu,” alisema, “sikutaka kukuuliza mbele za watu. Mdogo wako ndiye aliyemkuta. Labda amekuambia. Alimkuta bado ana roho? Alisema neno lolote? Alinitaja?”

Hakuwa amelia msiba mzima, na sasa kidevu chake kilikuwa kinatikisika.

“Hapana, mama,” nikasema. “Alikufa papo hapo.”

Akatikisa kichwa taratibu, akakubali. Kisha akasema Mungu ni mwema, na kwamba asubuhi kabla ya kuondoka atapitia kwa yule kijana, ampe mkono, amshukuru kwa jinsi alivyokimbia.